Gazania za kitalu cha barabarani, baada ya misimu minne ya mvua

Mnamo Oktoba 2023 nilinunua miche 24 ya gazania, ua la bustani la kimo kifupi, katika kitalu kimoja kilicho kando ya barabara, upande wa magharibi wa Nairobi, kwa shilingi 80 kila mche. Tangu hapo miche hiyo imepitia masika mawili, vuli mbili, viangazi viwili na Julai mbili za baridi, na kwa kuwa majirani wengi wameniuliza kama na wao wainunue, nimeona niandike yote niliyoyaona: mmea wenyewe, udongo unaoufaa na usioufaa, na huduma ya yule aliyeniuzia. Niseme mapema kwamba nimeridhika na mmea kuliko nilivyoridhika na maelezo niliyopewa siku ya kuununua.

Ninaishi Embakasi, katika nyumba yenye ukanda mdogo wa ardhi mbele yake, upana wa mita moja na urefu wa mita tisa hivi, uliobanwa baina ya ukuta na njia ya gari. Kwa miaka mingi ukanda huo ulikuwa na nyasi za Kikuyu. Nyasi hizo ni nzuri sana mahali penye maji, lakini mtaani kwetu maji huja kwa mgao, na kila mwaka ifikapo Februari nilikuwa nikichagua kati ya kuzinywesha nyasi na kujaza mapipa ya jikoni. Nilitaka kitu kitakachotandaa chini, kisichozidi kimo cha kifundo cha mguu, kinachoishi mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya, na kinachoweza kuvumilia wiki mbili au tatu bila tone la maji. Nilitaka pia kiwe na maua, kwa sababu mlango wa nyumba ni mahali ambapo mtu hupita kila siku na si haki pawe pakavu tu.

Muuza miche alikuwa kijana mpole, mwenye subira ya kujibu maswali. Nilipomweleza shida yangu alinipeleka moja kwa moja kwenye safu ya vifuko vyeusi vilivyojaa majani membamba ya kijani kibichi, na juu yake maua ya manjano, ya chungwa na ya hudhurungi yaliyokuwa yamefunguka wazi kabisa chini ya jua la saa tano.

"Hii ni ya kienyeji, mama," aliniambia. "Haifi hata ukisahau kuinyweshea."

Sentensi hiyo ya pili ina ukweli mwingi ndani yake, ingawa ina sharti ambalo hakulitaja. Ile ya kwanza si kweli, na nitaifikia.

Kabla ya hapo, nimpe sifa anazostahili. Nilipomwomba anionyeshe mizizi hakukasirika wala hakuniambia kwamba nitauharibu mche. Aliugeuza mfuko, akaugonga kwa kiganja, na bonge zima la udongo likatoka likiwa limeshikana. Mizizi ilikuwa meupe na myembamba, imesambaa pande zote bila kuanza kujizungusha chini ya mfuko. Hiyo ndiyo dalili ya mche uliofikia umri wa kupandwa na ambao haujachakaa kitaluni. Bei aliyotaja kwanza ilikuwa shilingi 100, tukaelewana kwa 80 kwa sababu ya wingi. Nililipa kwa M-Pesa, na miche ililetwa nyumbani siku hiyohiyo kwa bodaboda, imepangwa ndani ya kreti la soda ili isianguke. Hakuna hata mmoja uliovunjika. Vitalu vingi vya barabarani humwachia mnunuzi shida yote ya usafiri, kwa hiyo hilo nalihesabu kuwa huduma nzuri.

Kasoro ya huduma ilikuwa katika maneno. Miche haikuwa na kibandiko chochote cha jina, hakuna aliyeniuliza udongo wangu ni wa aina gani, na niliambiwa niimwagilie kila siku asubuhi na jioni kwa mwezi mzima. Ushauri huo huenda unafaa kwa mboga. Kwa gazania iliyopandwa katika udongo wetu wa Embakasi, mwanzoni mwa vuli ya mwaka ule, ulikuwa ushauri wa kuua.

Kila anayeishi upande huu wa jiji anaujua udongo huo. Ni mweusi, mzito, unanata kwenye kiatu kama ugali ambao haujaiva, na una tabia ya kuvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hata nyufa zake wakati wa kiangazi zinaweza kumeza kijiti cha urefu wa mkono. Maji yakiingia hayatoki upesi. Ukanda wangu, hata hivyo, haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande wa lango, mafundi waliojenga nyumba walifukia vifusi: vipande vya mawe, mchanga uliobaki, changarawe na saruji iliyovunjika. Upande wa tangi la maji ni udongo mweusi mtupu. Nilipanda miche 12 huku na 12 kule, yote kwa siku moja, nikaimwagilia sawasawa kama nilivyoagizwa.

Mvua za vuli za 2023 zilikuwa za El Niño, na wakazi wa Nairobi wanazikumbuka. Kufikia katikati ya Desemba miche 11 kati ya 12 ya upande wa vifusi ilikuwa imesimama, na minne tayari ilikuwa na maua. Upande wa tangi ilikuwa imebaki miwili. Niliing'oa iliyokufa mmoja mmoja ili nione sababu. Majani ya nje yalichomoka kwa kuguswa tu, bila kuvutwa, na sehemu ile ambapo majani yote hukutana juu ya ardhi ilikuwa imegeuka rojo la kahawia lenye harufu ya matope yaliyolala. Mizizi iliyokuwa meupe kitaluni ilikuwa imekuwa ya rangi ya chai, na nilipoipitisha kati ya vidole ganda lake lilivuka kama soksi, likabaki uzi mwembamba katikati. Hakukuwa na mdudu wala ukungu juu ya majani. Mmea ulikuwa umekosa hewa chini.

Baada ya hapo nikajisomea, na nikaelewa kwamba lawama si ya mmea. Gazania rigens, ambayo ni mzazi wa nyingi kati ya gazania zinazouzwa vitaluni, kwao ni pwani ya Afrika Kusini, ambapo huota juu ya vilima vya mchanga na kwenye miamba karibu na bahari. Mmea uliozaliwa mchangani, ambako maji hupita kama yanayomwagwa kwenye chujio, hauwezi kutarajiwa kukaa miezi miwili ndani ya udongo unaoshikilia maji kama beseni. Vifusi vya mafundi, ambavyo nilikuwa nikivilalamikia tangu nilipohamia, ndivyo vilivyofanana na kwao.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye neno "kienyeji". Aina karibu zote za gazania asili yake ni kusini mwa Afrika. Aina moja, Gazania krebsiana, imepanda kaskazini zaidi ya wenzake hadi kufika Tanzania, na hapo ndipo mwisho wake. Kwa hiyo ni mmea wa bara letu, na ukipenda unaweza kuuita jirani, lakini si mzaliwa wa Kenya, na zile tunazouziwa ni mseto uliotengenezwa na wazalishaji wa maua kwa kuchanganya aina mbalimbali ili kupata rangi na maua makubwa. Jina lake lilitolewa mwaka 1791 na Joseph Gaertner, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, kwa heshima ya Theodorus Gaza, msomi Mgiriki wa karne ya 15 aliyetafsiri kwa Kilatini maandishi ya Theophrastus kuhusu mimea. Neno gaza katika Kilatini humaanisha pia hazina, na ndiyo maana Waingereza huliita ua la hazina.

Sisemi haya kumwaibisha kijana wa watu. Naamini alilisema alivyolisikia. Lakini siku hizi watu wengi Nairobi wanatafuta mimea ya asili kwa makusudi, wakitaka kusaidia nyuki na ndege wa hapa, nao wako tayari kulipa zaidi kwa ajili hiyo. Neno "kienyeji" limekuwa na thamani ya fedha. Anayelitumia kitaluni analazimika kuwa na hakika nalo, kama vile muuza kuku wa kienyeji anavyopaswa kuwa na hakika na kuku wake.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba tunalo ua letu la namna hii, na karibu hakuna anayelijua. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda Mlima Kenya na kikundi cha walimu wenzangu, na tulipofika nyanda za juu, mahali ambapo miti imekwisha na yamebaki majani ya mafungu na lobelia, niliona ardhini kando ya njia rozeti za majani, yaani majani yaliyojipanga kwa duara, zilizolala chapa juu ya udongo mbichi, kila moja na ua dogo la manjano lisilo na shina la kuonekana, kama kwamba mtu ameangusha sarafu. Nilipiga magoti nikageuza jani moja. Juu lilikuwa kijani kinachong'aa, chini lilikuwa jeupe pe, lenye manyoya laini kama pamba. Jina lake la kitaalamu ni Haplocarpha rueppellii. Ni mmea wa kudumu, ni wa jamii ya alizeti, na ni ndugu wa karibu wa gazania ndani ya jamii hiyo. Huishi katika milima mirefu ya Afrika Mashariki na ya Ethiopia, kule juu ambako usiku huganda na mchana huchoma. Siku nilipogeuza jani la gazania langu mlangoni na kuuona weupe uleule wa pamba, nilikumbuka mlima mara moja.

Simshauri mtu yeyote aende kuling'oa. Kule ni mbuga ya taifa, na hata kama isingekuwa hivyo, mmea uliozoea baridi ya zaidi ya mita 3,000 hautaishi Embakasi. Ninalitaja kwa sababu ndilo linalostahili jina ambalo gazania imepewa kitaluni.

Sasa niueleze mmea kama unavyokaa nyumbani. Gazania nilizonazo ni za aina ya kufanya kichaka: kila mche hukua kuwa fungu la majani lenye upana wa sentimita 25 hadi 30, na kimo chake pamoja na maua hakizidi sentimita 25. Ipo aina nyingine, inayotambaa, yenye majani ya rangi ya fedha na maua ya manjano ambayo ni madogo kiasi, na hiyo huenea kwa mashina yanayolala chini na kutoa mizizi kila yanapogusa udongo. Muuza miche alikuwa nazo zote mbili na aliziuza kwa bei moja, bila kunieleza tofauti. Kwa ukanda mwembamba kama wangu, aina ya kichaka ni bora kwa kuwa haiingii njiani. Kwa mteremko unaomomonyoka, aina inayotambaa ndiyo ya kununua.

Ua lenyewe linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ukilitazama umesimama unaona rangi tu. Nilichuma moja nikaliweka juu ya meza ya jikoni. Kile tunachokiita ua si ua moja. Kama ilivyo kwa alizeti, ni mkusanyiko wa maua madogo mengi juu ya kitako kimoja. Yale ya pembeni, yenye ulimi mrefu wa rangi tunaoudhania kuwa petali, nilihesabu 16, na hayo hayazai mbegu, kazi yake ni kuita. Yale ya katikati ni vijirija vidogo vya manjano vilivyosongamana, na ndivyo vinavyotoa mbegu. Kwenye shina la kila ulimi palikuwa na doa jeusi lenye mng'ao wa kijani, na ndani ya doa nukta ndogo nyeupe, hata madoa yote 16 yakafanya pete kuzunguka kitovu. Kule kwao Afrika Kusini maua haya hutembelewa na mbawakawa, na wataalamu wanayahusisha madoa hayo na wadudu hao. Kwangu wanaokuja ni nyuki, na huja wengi, hasa kati ya saa nne na saa saba mchana.

Saa hizo nazitaja kwa makusudi, maana hapa ndipo mnunuzi wa Nairobi anapopaswa kuwa makini kuliko mahali pengine popote. Gazania hufunguka kwa jua. Likichomoza, maua hubaki yamejikunja kama miavuli hadi mwanga uwe mkali. Kwangu huwa wazi kabisa kufikia saa nne asubuhi, na saa kumi jioni huanza kujifunga. Usiku yamefungwa. Siku ya mawingu yamefungwa. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kuwahi matatu na kurudi saa moja usiku atalima bustani ya machipukizi yaliyofumba, na atayaona maua yake Jumamosi na Jumapili tu, tena kama kuna jua.

Halafu kuna Julai. Wageni hudhani Nairobi ni jua mwaka mzima kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini jiji liko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti wingu la kijivu huweza kulala juu yetu tangu alfajiri hadi alasiri, siku baada ya siku. Julai 2024 ilikuwa ya namna hiyo. Kulikuwa na wiki moja ambayo sikuliona ua hata moja likifunguka, ingawa kila fungu lilikuwa na vikonyo vitano au sita vilivyosimama tayari. Dada yangu alikuja kutoka Nakuru Jumapili moja ya mwezi huo, baada ya kunisikia nikiyasifu kwenye simu kwa miezi, akasimama mlangoni akayatazama, kisha akaniuliza kwa upole kama yamenyauka. Nilimweleza. Alipiga picha ya majani, akasema atarudi Januari, na Januari akarudi, akayakuta wazi kabisa, ya chungwa na ya manjano kutoka ukuta hadi langoni. Aliondoka na vipande sita ndani ya kopo.

Kiangazi ndicho kipindi ambacho mmea huu hulipa deni lote. Januari na Februari 2025, nyasi za jirani zilipogeuka rangi ya mkeka, gazania zilikaa kijani. Nilizimwagilia mara moja kwa wiki, kopo moja la lita moja kwa kila fungu, tena maji niliyooshea mboga. Mara mbili nilisafiri, safari moja ikachukua siku 18, na niliporudi majani yalikuwa yamejikunja kidogo kwa ndani, yakionyesha ule weupe wa chini, lakini baada ya kunyweshwa jioni yalikuwa yamekunjuka asubuhi. Nadhani manyoya yale yana sehemu yake katika uvumilivu huo, kwa kuwa huzuia upepo na jua kunyonya maji ya jani moja kwa moja.

Kuhusu sehemu ya tangi, sikukata tamaa. Januari 2024 nilimwita fundi, tukajenga ukingo wa mawe wa sentimita 25, tukaujaza mchanganyiko wa sehemu mbili za mchanga wa mto, sehemu moja ya changarawe laini na sehemu moja ya udongo mwekundu niliouletewa kutoka kwa shemeji yangu Uthiru. Samadi niliweka kidogo sana, ndoo moja tu kwa eneo lote, maana gazania ikishiba mbolea hutoa majani mengi na maua machache. Nilirudi kitaluni kununua miche mingine minane. Nilimwambia yule kijana yaliyonipata, bila ugomvi, na nimshukuru kwa namna alivyolipokea: alinisikiliza hadi mwisho, akaniongezea miche mitatu bila malipo, na akaniuliza ule mchanganyiko niliuchanganyaje. Masika ya 2024 yalileta mafuriko jijini, na kwetu maji yalifika kwenye ngazi ya kwanza ya mlango. Ukingo ulishika. Nilipoteza mche mmoja tu kati ya hiyo 11, na huo uliliwa na konokono.

Konokono, kwa kweli, ndiye adui pekee wa kudumu niliyemwona. Vidukari hutokea kwenye vikonyo vya maua machanga mwanzoni mwa mvua, nami huwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo, wakatoweka. Maua yaliyokwisha yanapaswa kukatwa, la sivyo mmea hugeuza nguvu zake kwenye mbegu na maua mapya hupungua.

Kazi hiyo ya kukata ina sababu nyingine, na hii naomba isichukuliwe kama jambo dogo. Mbegu ya gazania ina manyoya mepesi na hubebwa na upepo. Huko Australia, New Zealand na pwani ya Kalifornia, mmea huu ulitoroka bustanini ukaingia katika mchanga wa pwani na kando ya barabara, na sasa unahesabiwa kuwa gugu linalosonga mimea ya asili. Sisi tunaijua hadithi hii kwa upande wa pili: nyasi zetu za Kikuyu, ambazo ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, zilichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 zikapelekwa Afrika Kusini na Australia, na kule zimekuwa kero katika maeneo mengi ambayo hakuna aliyezipanda. Mimi sijaona gazania ikiota yenyewe nje ya lango langu. Hata hivyo, Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko jirani, nyasi zake ni mali ya swala na maua madogo ya asili, na tayari magugu ya kigeni yanaisumbua. Ndiyo maana nakata kila kichwa kilichonyauka kabla hakijapasuka, navitia vyote ndani ya mfuko, na sivitupi kwenye mfereji wa barabara.

Nilipokuwa kitaluni mara ya pili nilionyeshwa pia wedelia, ile inayotambaa yenye majani ya kung'aa na maua madogo ya manjano, na niliambiwa kwamba ingefaa zaidi sehemu ya tangi kwa kuwa haichagui udongo. Ni kweli haichagui. Nayo ni ya jamii ya alizeti, asili yake Amerika ya kitropiki, na imo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Niliikataa, na ningemsihi mtu yeyote mwenye bustani karibu na mto au msitu aikatae pia, hata akipewa bure.

Jambo la mwisho kuhusu fedha: mbegu za gazania hizi za mseto hazirudishi rangi ya mama. Nilipanda mbegu kutoka kwenye ua la hudhurungi lenye mistari, ambalo nililipenda kuliko yote, nikapata miche tisa ya manjano tupu. Ukiutaka mmea uleule, chimbua fungu lililokomaa mwanzoni mwa mvua, uligawe kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na mizizi yake, ukipande kivulini kwa wiki mbili kabla ya kukihamishia juani. Kwa njia hiyo miche yangu 13 ya kwanza na ile 10 ya pili imekuwa mafungu 41, mbali na yale niliyogawa, na sijanunua tena kwa ajili ya nyumba.

Atakayenunua katika kitalu chochote cha barabarani jijini aende saa tano mchana siku ya jua, ili aone rangi halisi ya kila mche. Aombe kuonyeshwa mizizi. Aulize kama ni ya kichaka au ya kutambaa. Na kabla ya kulipa achimbe shimo la futi moja nyumbani, alijaze maji jioni, na kama asubuhi maji bado yamo, ajenge ukingo kwanza au atafute mmea mwingine. Penye kivuli cha mti au cha ghorofa ya jirani asiipande kabisa. Mimi wiki iliyopita nimeagiza miche 12 ya ile ya kutambaa, ya majani ya fedha, kwa ajili ya mteremko wa shemeji yangu kule Uthiru, ambako udongo ni mwekundu na maji hayalali. Kijana yuleyule ndiye ataileta, na safari hii kwenye simu ameniambia ni "ile ya kutoka Afrika Kusini, mwalimu."